Joto Litokee Wapi

Ulimi hauna mfupa, na wa Penseli ulimponza mbele ya watu wazima.

Penseli si jina alilopewa na wazazi. Shangazi yake ndiye aliyembandika, tangu alipokuwa mtoto wa kuchora nyumba kwenye kuta za watu, na likamganda hata alipokuwa msanifu majengo mwenye meza yake ofisini. Asubuhi ile alikuwa amesimama katika chumba cha mikutano cha idara ya nyumba za umma, akieleza michoro ya makazi ya watu wa kipato cha chini. Hakuweka viyoyozi. Aliweka kuta za matofali ya matundu, roshani pana, na mabapa ya zege juu ya kila dirisha ya kukinga jua. Wazo lote alilitoa kwenye ghorofa moja kuukuu upande wa pili wa mji, lililojengwa zamani na wasanifu walioamini kwamba mtu wa chini naye ana haki ya upepo.

Mkurugenzi wa nyumba, mtu mzima mnene, mpole, asiyetoka nyumbani bila koti, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ni ghorofa lile lile ninalolijua mimi?"

"Ndilo, Mkurugenzi."

"Watu wa pale wanachemka kama viazi, binti yangu. Malalamiko yao ndiyo kifungua kinywa changu. Halafu unataka nikajenge mengine ya namna ile?"

Chumba kizima kikacheka. Penseli angeweza kueleza taratibu kwamba jengo lenyewe halina kosa, ni wakazi waliosiliba matundu kwa saruji kwa kuogopa vumbi na wezi, wakageuza roshani kuwa vyumba kadiri watoto walivyoongezeka. Angeweza kueleza kwamba kiyoyozi, kwa mtu anayenunua umeme kidogo kidogo, ni pambo la ukutani. Lakini kile kicheko kilimchoma.

"Nitaifungua nyumba moja mle, iwe kama ilivyojengwa," akasema. "Mje mchana wa jua kali, mkae ndani. Mkitoka jasho, michoro hii nitaichana mwenyewe mbele yenu."

Mkurugenzi akamtazama juu ya miwani. "Haya. Neno limetoka kinywani mwako."

Alipokuwa akishuka ngazi ndipo alipoanza kujiuliza. Nyumba ya nani? Nani atakubali kubomolewa ukuta ili msanifu ashinde ubishi wake? Katika ghorofa lile alikuwa anamjua mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa shangazi yake.

Shangazi alikaa ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na ngazi. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye presha na mdomo usiokopesha. Roshani yake ilikuwa imezibwa miaka mingi, ikawa chumba chembamba chenye kitanda kimoja. Mumewe aliugulia mle, na mle mle akafia. Kitanda kilikuwa bado kimetandikwa, shuka limekazwa pembeni kama la hospitali.

Penseli alizungukazunguka na maneno, akasifu chai, akauliza habari za miguu. Shangazi akamkatiza. "Mwanangu, mtu akinisifia chai mara mbili najua ana la kuniomba. Sema."

Akasema yote, hata lile la kuchana michoro. Shangazi alisikiliza huku akikuna kiganja.

"Kwa hiyo unataka kukibomoa chumba cha marehemu."

"Sikulazimishi, Shangazi. Nitatafuta kwingine."

"Kwingine wapi? Kwa nani anayekujua?" Alinyanyuka, akafungua mlango wa kile chumba, akasimama kizingitini. Joto lilitoka mle kama mtu amefunua sufuria. "Alikuwa akiniomba hewa," akasema bila kugeuka. "Siku zile za mwisho. Nami nilikuwa nampepea kwa kipande cha boksi. Nikipumzika kidogo, ananitazama tu." Akafunga mlango. "Mlete fundi wako kabla sijabadili mawazo. Na vumbi lote utalifagia wewe, si yeye."

Fundi alikuja na nyundo yake, mtu wa maneno machache aliyekwishafanya kazi na Penseli kwenye majengo mengine. Kila pigo lilimwingia Penseli kifuani. Alikagua ukuta mara kadhaa, alijua haubebi kitu, lakini kujua na kutulia ni vitu viwili. Kitanda cha marehemu kilihamia chumbani kwa Shangazi. Saruji ilitolewa kwenye matundu moja baada ya jingine kwa patasi, na vidirisha vidogo juu ya mlango wa kutokea ngazini, vilivyokuwa vimepigiliwa mbao, vikafunguliwa. Jioni ya siku kazi ilipokwisha, upepo ukaingia kwa roshani, ukapita sebuleni, ukapeperusha khanga iliyokuwa juu ya kiti.

Shangazi alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni. "Kumbe huyu alikuwa nje anabisha hodi miaka yote hii," akasema.

Penseli alicheka mpaka machozi yakamtoka. Usiku ule alilala kama gogo. Kesho yake akampigia katibu wa Mkurugenzi, wakapanga siku ya kuja.

Kisha upepo ukafa.

Si kwamba ulipungua. Ulikatika kabisa. Msimu wa jua kali uliingia na vumbi lililosimama hewani, miti ya barabarani haikutikisa hata jani, na watu wakawa wanatembea wakishika ukuta wa upande wenye kivuli. Penseli alifika kwa Shangazi mchana na kipimajoto, akakitundika sebuleni, akasubiri. Ndani kulikuwa sawasawa na nje. Siku iliyofuata kukazidi kidogo. Mabapa ya zege yalikinga jua kama yalivyotakiwa, kuta zilikuwa na kivuli, matundu yalikuwa wazi. Lakini hewa ilikuwa imekaa tu ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga.

Alirudia hesabu zake zote. Zote zilianza na upepo. Pasipo upepo, hazikuwa na pa kuanzia. Alianza kuamka alfajiri na kuchungulia dirishani kama kuna kinachotikisika. Chakula kikawa hakipiti. Akiwaza michoro ile, haoni tena mistari, anaona familia nyingi zimejazana ndani ya matanuri aliyoyachora kwa mkono wake, na akina mama wanapepea wagonjwa kwa vipande vya boksi.

Siku moja kabla ya wageni kuja, alimkuta Shangazi amelala sakafuni, chali, mikono ameitandaza.

"Shangazi!"

"Usinipigie kelele. Nimelala tu. Saruji ina ubaridi." Lakini midomo ilikuwa mikavu na maneno yalitoka moja moja.

Penseli alikimbia zahanati ya mtaa, akarudi na muuguzi. Muuguzi akampima presha, akapima tena. Akampa maji yenye chumvi na sukari, akamfuta kwa kitambaa chenye maji, kisha akamvuta Penseli kando.

"Mama huyu hatakiwi kukaa kwenye joto hili. Mhamishe leo, awe kwa mtu mwenye nyumba ya baridi kidogo, mpaka hali ya hewa ibadilike."

"Nitampeleka kwangu."

"Hunipeleki popote," Shangazi akajibu kutoka sakafuni, maana masikio yake hayakuwa na ugonjwa. "Umenivunjia chumba cha mume wangu, halafu unihamishe kabla sijaona faida yake? Wageni wako wanakuja kesho. Watamkuta mwenye nyumba."

"Shangazi, yaache mambo ya wageni. Nitawaambia nimeshindwa."

"Utawaambia wewe. Mimi sijashindwa."

Muuguzi akatikisa kichwa, akaahidi kurudi kumpima tena jioni. Penseli akatoka nje ya mlango, akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa viganja. Alilia kimya kimya, kwa hofu zaidi ya huzuni. Shangazi akipatwa na kitu, atamwambia nini baba yake? Atajiambia nini yeye mwenyewe?

Jirani wa chini alikuwa ameweka jiko lake la mkaa kwenye kibaraza cha ngazi, anachemsha maharage. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda katikati ya ngazi. Penseli alipoinua uso kupangusa machozi, macho yake yakaufuata. Nje hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti, lakini moshi huu ulikuwa unapanda, tena kwa haraka yake, ghorofa moja hadi nyingine. Ulipofika juu kabisa ukajikunja chini ya dari, ukajikusanya kama wingu, ukatulia.

Akasimama. Akapanda polepole, kila ngazi joto likizidi, mpaka kibaraza cha mwisho ambako masikio yake yaliwaka kama amekaribia tanuri la mikate. Juu ya kichwa chake palikuwa na uwazi wa mraba, umefunikwa mabati.

Akakumbuka. Kwenye picha za zamani za jengo lile kulikuwa na kofia ya zege juu ya ngazi, imetobolewa pande zote. Alikuwa ameipenda kwa sura yake. Katika michoro yake mwenyewe aliiondoa, akaona ni pambo la watu wa enzi zile, mambo ya urembo tu. Haikuwa pambo. Ngazi nzima ilikuwa ni bomba la kuvuta joto: linatoka kwenye nyumba kwa vidirisha vya juu ya milango, linapanda, linatokea juu, na nyuma yake hewa mpya inaingia kwa matundu. Hata siku isiyo na upepo. Hasa siku isiyo na upepo.

Alisimama pale jasho linamtiririka, na badala ya furaha akahisi baridi mgongoni. Alikuwa amebakiza siku moja tu apitishiwe michoro ya majengo yasiyo na pa kutolea joto.

Juu ya mabati yale kuku walikuwa wanaparura.

Paa la ghorofa lilikuwa na serikali yake. Mkazi wa chumba cha juu, mstaafu mwembamba aliyeitwa Meya na jengo zima, alikuwa ameizungushia ile kofia ya zege mabati na mbao, akaigeuza banda la kuku. Alimpokea Penseli akiwa na beseni la pumba mkononi.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye yule anayebomoa."

"Ndiye mimi. Nakuomba, babu, hilo banda lifunguliwe. Limeziba hewa ya jengo zima."

"Hewa?" Meya akatazama mbingu yote iliyokuwa juu yao. "Hewa imekwisha huku?"

Akamweleza habari ya moshi. Akamweleza habari ya Shangazi aliyelala sakafuni. Meya akaacha mzaha, akasikitika kwa dhati, akauliza kama amekunywa maji. Lakini kuku ni kuku. "Hawa nikiwatoa nje juani hawafiki jioni. Kuna mmoja ameatamia. Nawapeleka wapi?"

"Nitawajengea banda jingine."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Kwanza lijengwe, kuku waingie, waridhike, ndipo uguse bati langu."

"Waridhike vipi, babu?"

"Mimi nitajua."

Penseli akamwita Fundi. Matofali ya ukuta uliobomolewa yalikuwa bado yamerundikwa uani, wakayapandisha kwa ndoo. Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipoanza, wakafanya mpaka hawaoni mwiko, wakaendelea asubuhi. Penseli, aliyezoea kuchora majengo ya familia mia, alipiga magoti kwenye paa la moto akipanga banda la kuku, matundu upande huu na upande ule, kivuli juu. Kila mara alishuka mbio kumwangalia Shangazi, ambaye muuguzi alimkuta jioni ana nafuu kidogo, lakini asubuhi alikuwa amekataa chai. Hajawahi kukataa chai.

Wageni walipofika, mabati yalikuwa bado mahali pake.

Penseli aliisikia sauti ya Mkurugenzi chini ngazini, anahema, anauliza kwa nini watu wanapika njiani. Alikuwa na maofisa wawili, mwanamke wa mipango na kijana wa umeme. Shangazi aliwakaribisha mwenyewe, amejifunga khanga mpya, amekaa wima kwenye kiti kana kwamba hajawahi kuugua maishani. Wakanywa maji. Wakatazama matundu, wakatazama kipimajoto, wakatazamana.

"Mwenyeji wetu yuko wapi?" Mkurugenzi akauliza.

"Yuko juu, anahamisha kuku," Shangazi akajibu, kama anayesema yuko kwenye sala.

Huko juu Meya alikuwa ameinama mbele ya banda jipya, anawatazama kuku wake waliokuwa wamesimama ndani bila kusema kitu. "Bado wanafikiri," akasema.

"Babu, nakuomba. Wageni wameshafika, na shangazi yangu yuko mle ndani."

Meya alimtazama uso. Akashusha pumzi. "Mtoe yule anayeatamia polepole. Mayai nipe mimi."

Misumari ilikuwa imeoza. Fundi alitia mtaimbo, bati likalia, likakatika vipande. Jogoo mmoja akapata upenyo, akashuka ngazi kwa kelele zote alizojaliwa, akampita kijana wa umeme aliyekuwa ametoka kusikiliza simu, naye akarudi ndani ameshika kifua. Bati la pili likatoka. La mwisho wakaling'oa Penseli na Fundi pamoja, wakaanguka nalo.

Joto likampiga usoni kama pumzi ya mnyama. Alilihisi likipanda, zito, lenye harufu ya maharage, viatu na miaka yote ya jengo lile. Hakungoja kujipangusa. Alishuka mbio, magoti meupe kwa vumbi, akasimama mlangoni pa Shangazi.

Hakuna kilichotokea.

Watu walikuwa wamekaa vilevile. Mkurugenzi ameshika bilauri tupu. Penseli akamwangalia Shangazi, akaona shingo yake inavyong'aa kwa jasho, akataka kusema basi, imetosha, tumpeleke hospitali. Ndipo pazia la roshani likanyanyuka. Si kwa kishindo. Lilijivuta tu kuelekea ndani, taratibu, likabaki limeinama hivyo, kama mtu anayechungulia. Nje miti ilikuwa imesimama kimya.

"Upepo umeanza?" akauliza yule mwanamke wa mipango.

"Haujaanza," Penseli akasema. "Ni joto linaondoka."

Wakakaa. Shangazi akaomba chai, na Penseli akaenda kuichemsha. Kipimajoto hakikuporomoka, kilishuka kwa uvivu, nyuzi moja, baadaye nyingine, na nusu yake. Haikuwa baridi. Ilikuwa hali ya mtu kuweza kukaa bila kuwaza mwili wake. Hata hivyo Mkurugenzi, katikati ya kusimulia jambo, alinyamaza akatazama mkono wake kana kwamba anauliza jasho limekwenda wapi.

"Mimi sijui kubishana na pazia," akasema mwishowe. "Jumatatu tunapitisha."

Hapo ndipo Penseli alipotakiwa kushukuru na kunyamaza. Shangazi alimkonyeza kabisa anyamaze.

"Msipitishe, Mkurugenzi."

"Nini tena?"

"Michoro niliyowaletea haina hii. Ngazi zangu nimezifunga juu. Nilidhani ile kofia ni urembo. Mkijenga kama nilivyochora, watu watachemka. Inabidi nichore upya ngazi zote, na vidirisha vya milango. Sijui itachukua muda gani."

Mkurugenzi alisimama, akafunga vifungo vya koti. Upole ulikuwa umemtoka. "Nimepanda ngazi zote hizi kuja kuambiwa hayo? Bajeti haingojei mtu, binti yangu. Kuna watu wana michoro yao mezani kwangu, tayari." Akamuaga Shangazi kwa heshima, akaondoka na watu wake.

Shangazi alisubiri hatua zao zipotee. "Wewe mtoto," akasema, "ungeweza kumwambia Jumanne." Kisha akamshika mkono akamkalisha karibu naye, akauacha mkono wake pale pale.

Ikafuata miezi ya roho juu. Penseli alichora upya, akapeleka, akaambiwa subiri. Alisikia kwamba wengine wameitwa, kwamba kampuni moja imeleta picha za vioo vinavyong'aa. Alipungua mpaka Fundi akamwambia aongeze matobo kwenye mkanda. Jibu lilipotoka lilikuwa nusu mkate: idara itajenga jengo moja la majaribio, roshani zipunguzwe upana, mengine yataamuliwa baadaye. Alipigania roshani akashindwa. Ngazi hakukubali ziguswe, na hapo akashinda.

Jengo lilipokwisha, Shangazi alipewa nafasi ya kuhamia. Akaenda kuona, akafungua kila bomba, akasema sinki limewekwa na mtu asiyewahi kuosha chombo, akarudi kwake. Presha ilikuwa inapanda na kushuka kama kawaida yake. Majirani zake wawili walikuwa wameanza kutoboa saruji kwenye kuta zao, kimyakimya, bila kumuuliza mtu.

Msimu wa jua kali uliporudi, Penseli hakuweza kukaa ofisini. Alienda kwenye lile jengo jipya mchana mtupu, upepo umekufa. Akapanda ghorofa moja baada ya nyingine, akiweka kiganja kwenye kuta. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Ndani, kwenye mkeka karibu na roshani, mwanamke asiyemjua alikuwa amelala na mtoto mchanga kifuani. Penseli alisimama mlangoni akiwatazama wanavyopumua, anatafuta jasho kwenye paji la mtoto, hata akasahau kwamba ile ni nyumba ya watu.

Mwanamke akafumbua jicho moja. "Unamtafuta nani, dada?"

"Hakuna. Nilikuwa napita tu."

"Basi pita polepole," akanong'ona, jicho likifumba. "Ndiyo kwanza amelala."